Kabla Mgeni Rasmi Hajafika

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kongamano la waandishi na wasanii. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nimepunguza baadhi ya "yaani" ila sio zote, mtanivumilia.)

Mwenyekiti, wazee wangu, wenzangu wa kalamu na brashi na ngoma, na nyie wanafunzi mliobanana huko nyuma, asanteni sana kwa kunialika.

Naanza na kitu kilichotokea hapahapa dakika ishirini zilizopita, maana nikikiacha kitanikaa kooni. Kuna dada yetu alisimama hapa na shairi. Lilikuwa na beti kumi, nilihesabu kwa sababu nakala yake ilikuwa mbele yangu mezani. Akamaliza ubeti wa sita, emsii akamsogelea akamnong'oneza, dada akakunja karatasi akashuka, sisi tukampigia makofi. Sababu ni muda. Muda wa nani? Wa mimi hapa. Yaani nimekuja kuongelea nafasi ya fasihi na sanaa kwenye maisha ya umma, na ili niongelee nafasi ya mshairi imebidi mshairi anyang'anywe nafasi. Chekeni tu, hata mi nilicheka ila kicheko cha aibu.

Halafu nikaangalia ratiba, hii hapa ninayo. Kuwasili kwa wageni, utambulisho, burudani, neno la ukaribisho, burudani, mada kuu, burudani, majadiliano. Burudani mara tatu na hakuna hata sehemu moja lilipoandikwa jina la anayeburudisha. La kwangu lipo, limekolezwa wino, na cheo juu. Sasa sina ugomvi na burudani yenyewe, mtu akichoka lazima aburudike na sanaa isiyoburudisha hata mi naikimbia, shida ni kwamba neno hili limegeuka kabati, tunatupia humo kila kitu, mshairi, mpiga zeze, kwaya, mchoraji aliyeombwa atundike picha zake ili zifiche ufa ukutani. Wote kazi yao ni kabla mgeni rasmi hajafika. Akifika wanaambiwa jamani inatosha, sasa tuingie kwenye mambo ya maana.

Hayo "mambo ya maana" ndo nataka tubishane leo. Nina kitu kimoja tu cha kusema, nitakizunguka weee lakini ni kimoja: mara nyingi umma unakuwa unajua tayari, taarifa ipo, ripoti ipo, namba zipo, lakini haujakitazama kile unachokijua, na kazi ya kuwafanya watu wakitazame mpaka washindwe kukaa kimya, nimetafuta nani mwingine anaiweza kama msanii, sijampata.

Nirudi nyuma sana kidogo, Ugiriki. Mwaka 494 KK Waajemi waliuteka Miletus, mji wa Wagiriki upande wa pili wa bahari, wanaume wengi wakauawa, wanawake na watoto wakachukuliwa utumwa. Athens mwanzoni ilipeleka meli kuwasaidia hao ndugu zao walipoasi, halafu ikajitoa ikawaacha. Muda sio mrefu baadaye mtunzi mmoja anaitwa Phrynichus akatunga igizo kuhusu kutekwa kwa mji huo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa zamani hizo, anasimulia kwamba ukumbi mzima ulilia. Na baada ya kulia mji ulifanya nini? Ukamtoza faini drakma 1,000 na ukapiga marufuku igizo lile lisichezwe tena na mtu yeyote. Kosa lake, amewakumbusha maafa yao wenyewe.

Hebu kaeni na hilo kidogo. Hakuna aliyesema kadanganya. Habari ya Miletus ilikuwa imeshafika Athens zamani, kila mtu sokoni alikuwa anaijua, na hakuna aliyepigwa faini kwa kuileta ile habari. Aliyepigwa ni yule aliyewakalisha chini wote pamoja, siku moja, sehemu moja, wakaitazama hawana pa kugeukia. Ile faini mi naichukulia kama risiti, mji umekiri wenyewe kwamba kuna bidhaa wamepokea na imewauma.

Najua kuna mtu anasema haya ni ya kale bwana, siku hizi watu wana simu, habari zinafika dakika hiyohiyo. Haya, njooni karibu, Uingereza, juzi tu.

Kuanzia mwaka 1999 posta za Uingereza zilianza kutumia mfumo wa kompyuta unaoitwa Horizon, uliotoka kwa kampuni ya Fujitsu. Wale wasimamizi wa posta ndogondogo za mitaani na vijijini, watu wa kawaida kabisa, wengi wao wana kaduka na kaunta ya posta humohumo, wakaanza kuona hesabu hazikai. Mfumo unasema pesa pungufu, wao wanahesabu droo na droo haina tatizo. Mkataba ukawa unawadai walipie huo upungufu. Wakipiga simu kuomba msaada wengine wanaambiwa ni wewe tu mwenye hili tatizo, kumbe mwenzake wa mji wa pili naye kaambiwa hivyohivyo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, kwa wizi, kwa udanganyifu wa hesabu. Kuna waliokwenda jela. Kuna waliouza nyumba zao. Kuna waliojiua.

Sasa fuatilieni nani alikuwa anajua na lini. Gazeti la mambo ya kompyuta liliandika stori hii mwaka 2009. Kundi la wasimamizi 555 likaenda mahakamani, na Desemba 2019 jaji akasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Tume ya uchunguzi ikaundwa, mashahidi wakaanza kuhojiwa, hadharani, unaweza kuangalia ukiwa kwako. Kwa hiyo serikali ilijua, bunge lilijua, na mwananchi yeyote aliyetaka kujua alijua. Na mambo yalikuwa yanaenda kwa mwendo wa konokono.

Halafu tarehe 1 Januari 2024 televisheni ya ITV ikaanza kurusha tamthilia ya sehemu 4 kuhusu kesi hii, usiku nne mfululizo. Ilipoisha nchi nzima ilikuwa haiongelei kitu kingine. Tarehe 10 Januari waziri mkuu Rishi Sunak anasimama bungeni anasema serikali italeta sheria ya kufuta hukumu za hawa watu kwa mkupuo. Tarehe 24 Mei sheria ikawa sheria. Bunge kufuta hukumu za mahakama kwa sheria, mamia kwa pamoja, waulizeni wanasheria mliokaa nao hapo kama hilo ni jambo la kila siku.

Miaka kumi na tano ya habari, halafu siku nne za maigizo. Na tamthilia ile haikuwa na siri yoyote mpya kwa mtu aliyekuwa anafuatilia! Iliongeza nini sasa?

Kuna kipande ndani yake, mama mmoja yuko peke yake dukani, simu iko sikioni anaongea na huduma kwa wateja, upungufu uko pale kwenye skrini, anaambiwa bonyeza hivi, anabonyeza, na upungufu unajizidisha mara mbili mbele ya macho yake. Basi. Kwenye ripoti hicho kitu ni nusu sentensi, kitaitwa "tofauti za kimahesabu zisizoelezeka", utaipita unakwenda aya inayofuata. Pale kwenye tamthilia huwezi kuipita, unakaa na yule mama muda uleule aliokaa yeye, unaona uso wake ukibadilika, na wewe mwenyewe unaanza kumpigia kelele asibonyeze tena. Ripoti inakupa jumla, igizo linakupa usiku mmoja. Na mtu hatetemeki kwa ajili ya jumla.

Hapa nisijisifie kupita kiasi, maana wasanii tukipewa maiki tunajisahau. Bila Alan Bates, mmoja wa hao wasimamizi aliyewaongoza wenzake, na hao wenzake waliopigana miaka zaidi ya ishirini, bila waandishi wa habari, bila mawakili, watunzi wa ile tamthilia wasingekuwa na kitu cha kuandika. Msanii alipokea kijiti mzunguko wa mwisho. Wanaosema sanaa peke yake inabadilisha dunia mi siwaelewi, na wanaosema haibadilishi chochote siwaelewi vilevile.

Wakubwa wenyewe wanajua, msidhani hawajui. Pale Umoja wa Mataifa, New York, kwenye mlango wa kuingilia Baraza la Usalama, kuna zulia kubwa la ukutani lililofumwa kwa kunakili ile picha ya mchoraji Picasso ya mji wa Guernica, Hispania, aliyoichora mwaka 1937 baada ya mji huo kupigwa mabomu, mama amepakata mtoto aliyekufa, farasi anapiga ukelele, taa inaning'inia. Lilitundikwa pale miaka ya themanini. Februari 2003, wiki ambayo Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alikwenda kulieleza Baraza kwa nini Irak inabidi ivamiwe, zulia likafunikwa kwa pazia la bluu. Maofisa wakasema ni mambo ya kamera tu, eti nyuma panatakiwa patulie. Inawezekana kabisa. Ila jamani, picha isiyo na nguvu yoyote, ya "burudani", nani anahangaika kuifunika?

Sasa nije kwenye upande ambao tukikutana wenyewe kwa wenyewe huwa tunaukwepa. Sanaa inaweza kutumika kwa ubaya na imetumika sana. Julai 1937 Wanazi walifungua maonyesho mawili mjini Munich yakipishana siku moja tu, moja la sanaa waliyoitaka, watu wenye misuli, mashamba, mashujaa, na jingine la sanaa waliyoiita iliyooza, wameitundika hovyohovyo na maneno ya kejeli ukutani ili watu waje wazomee. Watu zaidi ya milioni 2 walikwenda kwenye hilo la kuzomewa, wengi kupita waliokwenda lile la kusifiwa. Wangapi walikwenda kuzomea na wangapi walikwenda kuaga sijui nani anaweza kuwatenganisha. Lakini ona jinsi serikali ile ilivyoichukulia sanaa kwa uzito, uzito wa kuua, kwa sababu ilijua kabisa kwamba macho ya watu yanafundishwa, na anayeyafundisha ndo anayeamua nani aonekane binadamu na nani aonekane uchafu.

Kwa hiyo swali la "sanaa ina nafasi kwenye maisha ya umma?" mi naliona limechelewa. Ipo tayari. Nembo ipo, wimbo wa taifa upo, sanamu kwenye mzunguko wa barabara ipo, tangazo lipo, kasida ya kumsifu mkubwa ipo na ina bajeti nzuri. Cha kuuliza ni ipi inaruhusiwa kuingia mlango wa mbele.

Na hapa nina donge na igizo la semina. Mnalijua. Mfadhili ana ujumbe, anatafuta kikundi, kikundi kinapewa ujumbe na siku tatu, unakaa kuangalia na dakika ya kwanza ushajua mlevi atajuta, ushajua binti atarudi shule, mwisho mtu anageukia hadhira anasema "kwa hiyo ndugu wananchi". Watu wanapiga makofi, wanachukua soda, wanaondoka kama walivyokuja. Hiyo mi naiweka kapu moja na kasida za kusifu, hata kama ujumbe wake ni mzuri, tena mzuri sana, kwa sababu hakuna jicho lililofunguka pale, kuna watu wazima waliosomewa tangazo kwa sauti za kuigiza. Wasanii wanaofanya hizo kazi siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Ila tusiite hiyo ndo nafasi ya sanaa katika jamii tukaridhika.

Ya kweli tunaitambua kwa jinsi inavyopokelewa. Chukua Kenya, 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka huo anatoa riwaya kwa Kiingereza, kali, inawachana matajiri wapya wa nchi, na anaendelea na kazi yake chuo kikuu kama kawaida. Mwaka huohuo, yeye na Ngũgĩ wa Mirii wanatunga igizo kwa Kikuyu pamoja na wanakijiji wa Kamiriithu, wakulima na vibarua, wanajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wanaigiza wenyewe, wanamsahihisha profesa lugha yake, mzee anamwambia mzee hawezi kuongea hivyo. Igizo likachezwa wiki chache likapigwa marufuku. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 ule ukumbi ukabomolewa.

Hasira kwenye vile vitabu viwili ilikuwa ileile. Tofauti ni nani amekaa mbele. Riwaya ya Kiingereza ilisomwa na mtu mmoja mmoja chumbani kwake, igizo lilikuwa na kijiji kizima kinajitazama kwa lugha yake, kinacheka pamoja, kinanung'unika pamoja, na hicho kitendo cha kujitazama wakiwa wengi ndo umma wenyewe unavyozaliwa, kabla ya hapo mna wakazi tu. Ndo maana ilibidi kuleta polisi wabomoe. Huwezi kuleta polisi wabomoe kwa ajili ya burudani.

Na kwa Kiswahili chetu tunaye Abdilatif Abdalla. Aliandika karatasi ya kuuliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, kifungo cha upweke, na huko ndani akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakatoka yakawa diwani mwaka 1973, na 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Jina la tuzo ni jina la rais ambaye serikali yake ndo ilimfunga. Mi nikiwaza hilo huwa natabasamu mwenyewe.

Sasa niwape na stori ya kuchekesha, maana naona wengine mnaanza kuangalia saa. Augusto Boal, mtu wa tamthilia kutoka Brazili. Alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, akakimbilia nchi za nje, mwaka 1973 akawa Peru kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma. Staili yake wakati ule ilikuwa hivi, watu wanaleta tatizo, waigizaji wanalicheza, hadhira inapendekeza mhusika afanye nini, waigizaji wanajaribu kila pendekezo. Akaja mama mmoja hajui kusoma. Mume wake alikuwa anamwomba pesa za kujengea nyumba, na kila akichukua pesa anamkabidhi karatasi anasema hizi ni hati, zitunze. Mama anazitunza. Siku moja akampelekea jirani amsomee. Barua za mapenzi! Za mwanamke mwingine!

Basi wakaliigiza, amfanyeje huyu mume akirudi nyumbani. Hadhira ikatoa mawazo, na kulikuwa na mama mwingine kwenye hadhira naye ana wazo lake, anasema aongee naye wazi, kisha amsamehe. Mwigizaji akajaribu, akaongea kwa upole, akamsamehe. Mama anasema hapana, sio hivyo. Wakarudia, maneno makali zaidi. Mama bado amekunja uso. Mwisho Boal akachoka akamwambia mama, panda wewe jukwaani utuonyeshe hayo mazungumzo ya wazi yanakuwaje. Mama akapanda, akashika fagio, akamtandika yule mwigizaji wa watu fagio la kwelikweli, alipomaliza ndo akakaa chini akamsamehe, akamwambia kalete chakula.

Boal anasema siku ile ndo alielewa kwamba hakuwa amemsikia yule mama. Maneno alikuwa ameyasikia, "mazungumzo ya wazi", kila mtu ukumbini aliyasikia, lakini mpaka aliposhika fagio ndo wakaona maana yake. Tangu hapo mtazamaji kwenye tamthilia zake anaruhusiwa kusema simama, akapanda, akachukua nafasi ya mhusika.

Na hii haikuishia kwenye kicheko. Boal alirudi Brazili, akagombea udiwani Rio de Janeiro akashinda, akahudumu 1993 mpaka 1996. Badala ya kuajiri makada akaajiri watu wa tamthilia. Wakawa wanakwenda mitaani, kwa wazee, kwa wafanyakazi wa ndani, kwa wasioona, watu wanaigiza kinachowakwaza, wengine wanasema simama wanapanda kujaribu njia nyingine, mtu yuko pembeni anaandika, na pale inapoonekana kwamba hakuna njia ya kutoka mpaka sheria ibadilike, basi linaandikwa pendekezo la sheria, linapelekwa baraza la mji. Sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Mojawapo ilikuwa ya hospitali za mji kuwa na madaktari wanaoelewa magonjwa ya uzee. Kumi na tatu, kwa muhula mmoja. Sasa hapo burudani ni ipi na mambo ya maana ni yapi, mnitenganishie.

Wakati mwingine inakuwa kimya tu, haina hata neno. Marekani baada ya vita vya Vietnam walitangaza shindano la mnara wa kumbukumbu, yakaja maombi 1,421, majina ya washiriki yamefichwa, akashinda Maya Lin, mwanafunzi, miaka 21. Ukuta mweusi umezama kwenye ardhi, hauna sanamu wala bendera juu yake, una majina tu, sasa hivi zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa tarehe mtu aliyokufa, sio kwa cheo. Walimshambulia yule binti vibaya sana, wengine wakauita kovu la aibu. Ulipofunguliwa mwaka 1982 watu wakaenda na karatasi na penseli, wanaweka karatasi juu ya jina, wanasugua mpaka jina linatokea, wanakunja wanaondoka nalo. Jiwe lenyewe limeng'arishwa, ukisoma jina la mtoto wako unaona na uso wako mwenyewe humohumo. Ile namba ya waliokufa ilikuwa inatangazwa kwenye redio na televisheni miaka yote ya vita.

Nikisema haya huwa naulizwa swali moja, pesa zitoke wapi. Na hapo kuna mtu atatoa ile hadithi ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kwamba wakati wa vita vya pili vya dunia aliambiwa akate bajeti ya sanaa akajibu sasa tunapigania nini. Tuache kuisambaza, hakuna ushahidi kwamba aliwahi kusema hivyo, na hoja inayohitaji uongo ili isimame ni bora ilale. Hoja ya kweli ipo. Athens, tajiri alikuwa anapewa zamu ya kutumikia mji kwa mfuko wake, mmoja anapewa kuhudumia meli ya kivita kwa mwaka, mwingine anapewa kugharamia waimbaji wa tamthilia ya sikukuu. Meli na waimbaji, daftari moja! Baadaye kukawa na fedha za umma za kuwasaidia wananchi wasio na uwezo wapate tiketi. Sio kwamba walikuwa malaika, watumwa walikuwa nao na wanawake hawakuwapa kura, lakini kwa hili hawakujidanganya, walijua ukumbi wa tamthilia ni chombo cha mji kama bandari.

Ireland nao mwaka 2022 walianza majaribio, wasanii 2,000 wakawa wanalipwa euro 325 kila wiki bila kuulizwa umetunga nini wiki hii. Naona mnaguna huko nyuma, nami niliguna.

Ila pesa ya serikali ina meno, nalo tuliseme. Marekani wakati wa mdororo wa uchumi, 1935, serikali ilianzisha mradi wa tamthilia ikaajiri maelfu ya watu, maonyesho mengi yakawa bure, yanaongelea makazi, umeme, njaa. Mwaka 1938 mkuu wa mradi, Hallie Flanagan, akaitwa mbele ya kamati ya bunge. Alikuwa ameandika makala akamtaja Marlowe. Mbunge mmoja, Joe Starnes, akamuuliza huyu Marlowe unayemnukuu ni mkomunisti? Christopher Marlowe, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, aliyekufa 1593. Ukumbi ukacheka. Lakini ngojeni, Juni 1939 bunge likakata fedha, mradi ukafa. Waliocheka hawakuwa wenye kura.

Kwa hiyo sisemi serikali itupende. Ikitupenda sana nitaingiwa na wasiwasi. Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama kubwa: kamati inapokaa kujadili jambo linalogusa watu, maji, shule, ardhi, wagonjwa, yule aliyelitazama jambo hilo miaka miwili mpaka akaliandikia hadithi aitwe asome kazi yake kabla ya uamuzi, pamoja na mtaalamu na namba zake, asisubirishwe mpaka sherehe ya uzinduzi aje atumbuize. Namba tunazihitaji, sizidharau hata kidogo, bila zile kesi 900 zilizohesabiwa hakuna tamthilia. Ila kamati ikisoma namba peke yake inajua tu.

Mwenyekiti, umeniinulia karatasi, imeandikwa dakika nane. Nilikuwa na kurasa nyingine mbili hapa, za maktaba na za vitabu mashuleni, nitazileta siku nyingine au mtanikuta nje. Dakika nane zinatosha beti nne na zinabaki. Dada yetu bado yuko ukumbini? Yule pale, mstari wa tatu. Njoo mama, njoo na karatasi yako, tulikukatiza kwenye ubeti wa saba, pale mvuvi anapogeuka kuangalia nyuma, na mi tangu nimesimama hapa najiuliza aliona nini.